Nyigu Kwenye Jani la Sombe

Mtu akinijia leo na kamera, akaniambia anataka kujifunza kupiga picha za wadudu, kwanza ninamwomba aachane na kipepeo. Kipepeo anapendeza, lakini hana subira na mtu. Anza na inzi aliyekufa dirishani. Inzi aliyekufa hakimbii, na ukimkosa leo utamkuta kesho. Mlaze kwenye karatasi nyeupe karibu na mwanga, umpige mpaka uone vinyweleo vya mgongoni mwake. Ukishaviona hivyo, nenda katafute aliye hai. Hakuna anayeshindwa jambo hili akilianza polepole.

Mwanafunzi wangu wa kwanza hakuwa na nafasi ya kulianza polepole. Alikuwa yaya, yaani dada yangu mkubwa, mtu aliyesoma kuliko sote nyumbani. Yeye alitaka kuanza na nyigu mdogo kama punje ya ulezi, tena akiwa hai, tena katika ile nukta anapotaga yai.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Nilikuwa na studio ndogo ya picha hapa Bukavu, na nyumba ya kupanga huko Ibanda, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Harusi zilikuwa zimepungua sana. Kazi iliyobaki ilikuwa picha ndogo za vitambulisho, kwa sababu hakuna aliyeweza kupita kizuizi cha barabarani bila karatasi yenye sura yake. Maman, mama yetu, aliishi nasi, pamoja na mke wangu na watoto.

Yaya alikuwa mtaalamu wa kilimo katika kituo kimoja cha utafiti huko milimani. Askari walipokiingia, wenzake waliondoka na walichoweza kubeba: huyu godoro, yule redio. Yeye alishuka mpaka mjini kwa miguu akiwa na kikapu mgongoni, kamba yake ikiwa kwenye paji la uso, kama wanawake wanaoleta mizigo sokoni. Hakuwa amebeba hivyo tangu utoto, na kamba ilimwachia alama nyekundu iliyokaa muda mrefu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa za kioo zilizofungwa vitambaa midomoni, na vipande vya miti ya mihogo vilivyoviringishwa kwenye gunia bichi.

Maman alikitazama kikapu chote mpaka chini, akitafuta nguo.

"Umeacha nguo zako, unatuletea majani?"

"Nguo zitapatikana, Maman."

Hazikupatikana. Alivaa za mke wangu muda wote aliokaa kwetu.

Usiku huo huo alinieleza alichobeba, nami nitakieleza kama alivyonieleza. Kuna kidudu cheupe kinachokaa kwenye ncha za muhogo, kana kwamba mtu amekinyunyizia unga. Kinafyonza utomvu, majani yanajikunja, mti unadumaa. Kwanza unakosa sombe, yale majani ya kupika, halafu unakosa mzizi, na ukikosa mzizi umekosa unga wa bugali. Sasa yupo nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidudu hicho. Mtoto wa nyigu hukua humo akikila taratibu, mpaka kidudu kinabaki ganda kavu la rangi ya kahawia. Siku moja ganda linatoboka, na nyigu mpya anatoka.

Nchi nyingine, alisema, zililetewa nyigu wa namna hiyo kutoka mbali. Wake hakuletwa na mtu. Alimkuta mwenyewe pembezoni mwa shamba la kituo, akiistahimili baridi ya milima yetu. Kama kweli alikuwa adui wa kidudu kile, angeweza kufugwa kwa wingi na kuachiwa Kalehe, Kabare, na kote ambako mihogo ilikuwa inakauka na watu hawana cha kupanda badala yake.

Kabla ya vita alikuwa amewapeleka nyigu wachache waliokufa kwa mtaalamu mmoja wa Ulaya. Yule bwana alijibu kwa adabu kwamba nyigu aliyekufa hasemi alikula nini alipokuwa hai. Huenda alitoka kwa mdudu mwingine kabisa. Aonyeshwe akitaga ndani ya kidudu kile cheupe. Akionyeshwa hivyo, taasisi yake ingeichukua kazi na kutafuta njia ya kuwatoa nyigu, vita viwepo visiwepo. Padri mmoja tuliyemfahamu alikuwa anangoja safari ya Ulaya. Alikubali kubeba bahasha. Chupa zenye vitu hai alizikataa, na hakuna aliyemlaumu, maana kila kizuizi kilikuwa na askari wake na kila askari na maswali yake.

Kwa hiyo ilihitajika picha. Na nyumbani kwetu mpiga picha nilikuwa mimi.

Tulipanda vile vipande vya mihogo kwenye mikebe ya mafuta ya msaada, tukaipanga barazani, tukaifunika kwa chandarua. Yaya aliwahamishia vidudu weupe kwenye majani machanga kwa ncha ya unyoya wa kuku, mmoja mmoja. Walipozaana akawafungulia nyigu ndani ya chandarua. Watoto niliwakataza kabisa kugusa mikebe ile. Mke wangu alielewa bila kuambiwa.

Ndipo masomo yakaanza. Nilimwonyesha jambo ambalo hata leo linawashangaza wanaoanza. Lenzi ya kawaida huchukua dunia kubwa na kuipunguza iingie kwenye filamu ndogo. Ichomoe, igeuze, sehemu ya mbele itazame ndani ya kamera: sasa inafanya kinyume, inachukua kitu kidogo na kukikuza. Huhitaji kununua chochote. Ukitaka kukuza zaidi, weka mrija kati ya lenzi na kamera. Mrija wetu ulikuwa mkebe wa tomate, yaani nyanya, uliokatwa pande zote mbili. Ndani niliupaka masizi ya taa ili mwanga usirukeruke, nikaufunga kwa utepe mweusi mpaka usiingize hata mstari wa jua.

"Umesoma wapi mambo haya?" aliniuliza.

"Katika umaskini, yaya."

Alicheka. Katika miezi ile nilikuwa nikihesabu kicheko chake kama mshahara.

Somo la pili ni gumu kidogo. Ukiwa karibu hivyo na mdudu, sehemu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba kama karatasi. Mbele yake kuna ukungu, nyuma yake ukungu. Hapo usizungushe lenzi kutafuta ukali. Sogea wewe mwenyewe. Weka kamera juu ya mfuko wa mchanga, viwiko mezani, uiname mbele kidogo kidogo unapotoa pumzi, na ukali utakujia wenyewe. Bonyeza pumzi inapokwisha, kabla hujavuta nyingine.

Yaya alikuwa mwanafunzi mbaya kwa sababu ya haraka. Alivuta pumzi mahali pa kutoa, akabonyeza akiwa bado anasogea. Nilimwacha afanye mazoezi bila filamu ndani, maana filamu iliyobaki ilikuwa chache na mtu wa kuniletea nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa ameacha kuja. Alilala kifudifudi barazani akimwinamia inzi mfu, kanga ya mke wangu kiunoni. Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno, alikuwa akipita njia ya chini na kusimama kututazama.

"Papa Foto," aliniita siku moja, "sasa hata inzi wanaomba kitambulisho?"

"Wanataka kusafiri, maman."

"Muwaambie barabara imefungwa. Na wao watalipa kwa kizuizi."

Hata yaya, akiwa amelala vile vile, mabega yalimtikisika.

Mwanga ulikuwa taabu ya tatu. Mkebe wa tomate unameza mwanga mwingi, na tundu la lenzi lazima ulifunge sana ili ule wembamba wa karatasi unenepe kidogo. Tulitumia flashi ya studio, nikaizungushia karatasi nyeupe ili isimpige nyigu kama radi, na upande wa pili nikaweka kioo kile wateja walichojitazamia wanapochana nywele. Betri zilikuwa zimechoka. Baada ya kila picha flashi ililia mluzi mrefu wa kujijaza, na katika mluzi huo nyigu angeweza kutaga mayai yake yote na kwenda zake.

Kisha kuna tabia ya mdudu mwenyewe. Asubuhi na mapema Bukavu ni baridi, na nyigu anakaa kimya kwenye jani kama aliyechorwa. Unaweza kumpiga utakavyo, lakini hatagi. Jua likishapanda anataga vizuri, lakini hatulii. Kati ya hapo kuna muda mfupi, jua linapoingia tu barazani na jani likaanza kukauka umande, ambapo anafanya kazi yake kama mtu aliyeamka sasa hivi. Huo ndio muda wetu tulioungoja kila siku. Siku nyingine ulikuja pamoja na milio ya silaha nzito kutoka vilimani, na meza ikatetemeka, na vioo vya chupa vikaimba. Hapo ulikuwa unafungua chandarua bure.

Na nyigu walikuwa wanapungua. Vidudu weupe walihitaji majani machanga, majani yalihitaji vipande vipya vya mihogo, na vipande vilitoka vijijini, ambako njia zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa bila mtu kujua sababu. Yaya alizunguka kwenye bustani za miteremko ya mjini akiomba ncha za mihogo yenye ugonjwa. Watu walimdhania amechanganyikiwa. Na mihogo mingi ilikuwa imekwisha nyonyolewa majani, kwa sababu mji mzima ulikuwa unatafuta mboga.

Asubuhi yenyewe ilikuja kimya. Hakukuwa na milio. Jua liliingia barazani, na jike mmoja akapanda juu ya kidudu cheupe, akakigonga kwa vipembe vyake kama mtu anayebisha hodi, akageuka, akashusha mkia. Yaya alikuwa amekwisha inama. Nilimsikia akitoa pumzi. Flashi ikawaka, ikalia, naye hakutikisika, akangoja mluzi uishe, akapiga tena, na tena, mpaka jike akashuka.

"Nimempata," alisema. Hakuinua uso kwenye kamera.

Hatukunywa hata chai. Tulikwenda studio tukiwa tumeificha kamera ndani ya mfuko wa makaa, tukajifungia katika chumba cha giza. Dawa zilikuwa za zamani, nikaziongezea muda. Filamu ilipotoka niliinyoosha mbele ya taa, nikaweka kioo cha kukuzia juu yake, nikamwachia yeye aangalie kwanza.

Jicho la nyigu lilikuwa kali kama ncha ya sindano. Ungeweza kuona lilivyogawanyika vijumba vijumba. Vipembe vilionekana, na hata unga juu ya kidudu ulionekana. Lakini kuelekea nyuma mwili uliyeyuka taratibu, na pale mkia ulipoingia, au ulipodhaniwa kuingia, palikuwa na ukungu wa kijivu. Picha zote zilikuwa hivyo.

Hili huwapata wote wanaoanza, na ukipatwa nalo usikate tamaa. Macho yetu hufuata macho. Dawa yake ni kumpiga mdudu ubavuni, kamera ikilingana na urefu wa mwili wake, ili kichwa na mkia vikae ndani ya karatasi ile ile moja ya ukali. Nilimweleza hivyo nikimchorea ukutani kwa kidole.

"Kesho tutamsogelea kwa ubavu," nilisema. "Mkono wako umekwisha tulia. Kilichobaki ni pembe tu."

"Pembe tu," alirudia. Alikuwa amechoka, lakini aliamini, nami niliamini. Njiani tukirudi aliongea peke yake karibu mwendo wote, akipanga mkebe upi tuusogeze na meza tuigeuze vipi.

Nyumbani tulikuta wageni. Mjomba wetu alikuwa amefika na mkewe kutoka upande wa Kalehe, miguu imevimba, hawana kitu mkononi. Walikuwa wamekalishwa kwenye viti vizuri. Katikati ya meza palikuwa na bugali unaotoa mvuke, na kando yake bakuli kubwa la sombe.

Siku kadhaa hapakuwa na mboga sokoni. Niligeuka kutazama barazani. Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti. Katika mikebe ilisimama miti mitupu.

Niliwakataza watoto, lakini Maman hakuna aliyemkataza. Kwetu mtoto hamwambii mama yake hiki usikipike. Ni kama kumfundisha kukulea. Na yeye alikuwa ameona wageni mlangoni, bugali bila kitoweo, na majani mabichi barazani yanaliwa na wadudu. Mwanamke yeyote wa kwetu Bushi angefanya kama yeye, na asingelala kwa aibu kama asingefanya.

"Mukae," alituambia. "Ilikuwa na vidudu mingi, lakini niliosha muzuri sana. Karibuni."

Mjomba alikuwa tayari anakula. Alikula kwa macho yaliyofumbwa.

"Nyinyi huku muna bahati," alisema. "Munakula sombe. Kwetu mihogo yote ilikauka sababu ya ile kidudu ya unga. Hata mbegu ya kupanda haiko."

Nilifungua mdomo. Yaya akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, kama tulipokuwa wadogo na mimi nataka kusema kitu mbele ya baba. Alinawa mikono. Alikaa karibu na mke wa mjomba, akakata tonge, akalichovya.

"Iko muzuri, Maman," alisema.

"Uongeze. Umekonda."

Akaongeza. Maman alifurahi kumwona anakula, maana tangu ashuke mlimani hakuwa anakula vizuri. Watoto walitutazama wakubwa kwa zamu, wakaelewa kwamba jambo hili halisemwi, na halikusemwa mpaka tulipomzika Maman, miaka mingi baadaye.

Katika chupa za ndani walibaki nyigu wachache, pamoja na maganda ambayo yalikuwa hayajatoboka. Yaya aliwawekea asali kwenye kipande cha karatasi. Nyigu mzima anaweza kuishi kwa asali siku kadhaa, lakini hawezi kuzaa kwa asali. Kila asubuhi alitoka kutafuta vidudu weupe, hata mmoja, kwenye ncha yoyote ya muhogo mjini. Alirudi na majani mawili matatu, masafi kabisa, yenye afya. Njia za vijijini zilikuwa bado zimefungwa. Mjomba, ambaye shamba lake lilikuwa limejaa vidudu hivyo, alikuwa amelala chumba cha pili akiuguza miguu.

Walitoka kwenye maganda, mmoja leo, mwingine kesho, wakafa. Alipobaki jike wa mwisho, yaya aliniomba kamera. Tuligeuza meza kama alivyokuwa amepanga. Alimwachia nyigu juu ya jani safi, akaweka kamera ubavuni mwake, viwiko mezani. Jua liliingia. Jike alitembea juu ya jani akiligonga kwa vipembe, kila mahali, kwa bidii, akibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kisha akasimama, akashusha mkia juu ya jani tupu. Yaya alitoa pumzi, akabonyeza.

Ile ndiyo picha bora ya mdudu iliyowahi kusafishwa katika chumba changu cha giza, na nimefundisha wengi tangu wakati ule. Kuanzia jicho mpaka ncha ya mkia, hakuna ukungu. Nilimpongeza kwa moyo wote, kama ninavyompongeza kila anayejifunza, kwa sababu alikuwa anastahili.

"Ni picha ya nyigu," alisema. "Haionyeshi kingine."

Padri alipopata safari, yaya alimpa ile ya kwanza, yenye jicho kali na mkia wa ukungu, kwa sababu humo angalau kidudu cheupe kilikuwepo. Nilishauri apeleke zote mbili. Alikataa. Alisema ya pili ingemfanya mtu adhani tulikuwa na nafasi ya kupiga ile inayotakiwa, tukaiacha.

Jibu lilikuja baada ya mvua za kupandia kupita, kwa mkono wa mtu mwingine wa kanisa. Yule bwana alisifu picha. Alisema ni wazi imepigwa kwa uangalifu katika hali ngumu. Lakini mahali penyewe hapaonekani, na bila kupaona hawezi kuiambia taasisi yake kwamba ni huyu. Kama tungeweza kumtumia nyingine, tuipige kwa ubavu.

Yaya aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alinipa karatasi.

"Ana haki," alisema. "Na mimi ningekataa."